Muda wa Kijapani

Neno muda, tulilolirithi kwa Waarabu, kwetu ni kipimo cha saa na siku; lakini katika viwanda vya Toyota huko Japani, neno la matamshi hayohayo, lisilo na nasaba yoyote na letu, maana yake ni israfu, yaani kila tendo lisilomzidishia mnunuzi thamani: gari lililoundwa kabla ya kuhitajiwa, au fundi aliyesimama akingoja bolti. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alizihesabu aina 7 za israfu hiyo, na mfanyakazi mwenyewe hamo, ingawa wakurugenzi wengi waliomwiga, ajabu, huanza kwa kupunguza watu. Toyota nayo iliwapunguza zaidi ya 1,500 mwaka 1950, katikati ya madeni na mgomo, hata mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Baadaye ikashika mwafaka wa kutowaachisha kazi wafanyakazi wake wa kudumu, kwani nani atakayefichua kwamba kazi ya wanne yawatosha watatu, ilhali ajua wa nne ni yeye? Katika kiwanda cha ubia na General Motors, kilichoanza 1984 huko Fremont, California, ahadi hiyo ilitiwa katika mkataba wa chama cha wafanyakazi, na biashara ilipodorora, waliozidi walipelekwa mafunzoni.