Kocha wa Taifa Stars Hupatikanaje: Mjadala wa Mzawa na Mgeni Ukitazamwa Kutoka Sumbawanga

Kutoka Sumbawanga hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Wananchi wengi wa nyanda za juu za Ufipa huifuatilia Timu ya Taifa ya Mpira wa Miguu, Taifa Stars, kwa redio na televisheni. Hata hivyo, kila benchi la ufundi linapobadilishwa, swali linaloulizwa Kariakoo huulizwa pia Laela, Namanyere na Matai: je, timu apewe kocha mzawa au mgeni?

Swali hilo lina uzito zaidi kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa pamoja wa Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za mwaka 2027. Makala haya yanaeleza nani mwenye mamlaka ya kumteua kocha, rekodi inaonesha nini, na mwananchi wa Mkoa wa Rukwa anaingia wapi katika uamuzi huo.

Mamlaka ya uteuzi

Kocha mkuu wa Taifa Stars huteuliwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) kupitia Kamati yake ya Utendaji. Kamati hiyo hutokana na Mkutano Mkuu, ambao wajumbe wake hutoka katika vyama vya mpira wa miguu vya mikoa, klabu za Ligi Kuu na vyama shirikishi. Mkutano Mkuu ndio humchagua Rais wa Shirikisho. Wallace Karia alichaguliwa kwa mara ya kwanza kushika nafasi hiyo mwaka 2017 mjini Dodoma.

Serikali inasimamia maendeleo ya michezo kwa ujumla kupitia wizara yenye dhamana na Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Inaweza kuisaidia timu kwa fedha, viwanja na hamasa. Katika Awamu ya Nne, kwa mfano, Serikali ilibeba gharama za mishahara ya makocha wa kigeni, akiwamo Marcio Maximo kutoka Brazil. Pamoja na msaada huo, jina la kocha hutangazwa na Shirikisho.

Mpaka huo unalindwa na kanuni za Shirikisho la Mpira wa Miguu la Kimataifa (FIFA). Mwezi Februari 2022, FIFA iliifungia Kenya baada ya serikali ya nchi hiyo kuuvunja uongozi wa shirikisho lake. Kenya iliondolewa katika kuwania kufuzu AFCON ya 2023, na kifungo kiliondolewa mwezi Novemba 2022. Kwa hiyo, mwananchi anayeitaka Serikali imfukuze kocha baada ya kipigo anaomba jambo linaloweza kuifungia nchi nzima.

Rekodi inasemaje

Tanzania imefuzu fainali za AFCON mara 4: mwaka 1980, 2019, 2023 na 2025. Safari ya kwanza inahusishwa na mwalimu mzawa, Joel Bendera, na sare ya bao 1-1 dhidi ya Zambia mjini Ndola mwaka 1979, ambapo Peter Tino alifunga bao linalokumbukwa hadi leo. Baada ya hapo Taifa ilisubiri miaka 39.

Mwaka 2019 timu ilifuzu chini ya Emmanuel Amunike kutoka Nigeria, kwa ushindi wa mabao 3-0 dhidi ya Uganda jijini Dar es Salaam tarehe 24 Machi. Tiketi ya AFCON ya 2023 ilipatikana chini ya Adel Amrouche kutoka Algeria, kwa suluhu dhidi ya Algeria mjini Annaba. Ile ya 2025 ilipatikana chini ya Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco, mwalimu kutoka Zanzibar, baada ya Simon Msuva kufunga bao pekee dhidi ya Guinea tarehe 19 Novemba 2024.

Kwa hesabu hiyo, wazawa wamefuzu mara 2 na wageni mara 2. Nje ya AFCON, Maximo aliipeleka timu kwenye fainali za kwanza za CHAN mwaka 2009 nchini Ivory Coast, na Jan Poulsen kutoka Denmark alitwaa Kombe la Chalenji mwaka 2010. Hemed Suleiman naye aliifikisha Stars robo fainali ya CHAN mwezi Agosti 2025, ilipofungwa bao 1-0 na Moroko. Uraia pekee, basi, haujatenganisha kufaulu na kushindwa.

Kinachojirudia zaidi ni mabadiliko ya benchi. Mwaka 1980 nchini Nigeria, kocha mkuu katika fainali alikuwa Slawomir Wolk kutoka Poland. Mwezi Januari 2024, baada ya kufungwa mabao 3-0 na Moroko, Amrouche alisimamishwa kufuatia adhabu ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF) iliyotokana na kauli zake, na Hemed Suleiman akamalizia mashindano kwa sare dhidi ya Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi Novemba 2025, ikiwa imebaki chini ya miezi miwili kabla ya fainali za Moroko, timu ilikabidhiwa kwa muda kwa Miguel Gamondi kutoka Argentina. Amunike ndiye pekee aliyefuzu na kumaliza fainali akiwa benchini, naye aliondoka mwezi Julai 2019, kabla ya kutimiza mwaka mmoja kazini.

Chini ya Gamondi, Stars ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza, kwa alama 2 za sare dhidi ya Uganda na Tunisia, kisha ikatolewa na Moroko kwa bao 1-0. Hatua hiyo ni ya kujivunia. Hata hivyo, katika michezo 13 ya fainali 4, Tanzania imepata sare 5 na imepoteza michezo 8. Ushindi wa kwanza bado unasubiriwa, na mwaka 2027 utatafutwa mbele ya wenyeji.

Nafasi ya Rukwa

Mkoa wa Rukwa una halmashauri 4: Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Ngazi hizo ndizo mlango wa mwananchi katika uendeshaji wa soka. Klabu hujiunga na chama cha wilaya, wilaya huunda chama cha mkoa, na mkoa hupeleka wajumbe kwenye Mkutano Mkuu wa TFF. Mwenye hoja kuhusu sera ya kuajiri makocha anaweza kuifikisha kwa njia hiyo, na kiongozi asiyeifikisha huulizwa wakati wa uchaguzi wa chama.

Njia ya pili ni ya wachezaji. Kocha yeyote, awe mzawa au mgeni, huchagua kutoka kwa wanaoonekana. Kijana wa Ufipa huonekana kwanza katika UMITASHUMTA na UMISSETA, kisha katika ligi ya wilaya na ya mkoa. Bingwa wa mkoa hushiriki Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambako safari ya kuelekea First League, Championship na hatimaye Ligi Kuu huanzia.

Wakazi wa Sumbawanga wanafahamu thamani ya kuonekana. Mwezi Oktoba 2020, Tanzania Prisons ilipoutumia Uwanja wa Nelson Mandela kama uwanja wa nyumbani, iliifunga Simba, iliyokuwa bingwa mtetezi, bao 1-0. Kwa msimu huo, macho ya wapenzi wa soka nchini yalielekezwa Ufipa.

Maswali ya kuzingatia

Jina jipya linapotajwa, mwananchi ana haki ya kuuliza zaidi ya pasipoti ya mhusika. Je, ana leseni inayotambuliwa na CAF? Mkataba wake unafika mwaka 2027 au unaishia njiani? Amepewa lengo gani linalopimika? Ana wasaidizi wazawa watakaobaki na ujuzi akiondoka? Atazitazama ligi za mikoani, au ataishia Dar es Salaam?

Mkulima wa Ufipa hapandi mahindi mwezi Novemba na kuyang'oa Januari kwa sababu ya jirani kupita akisema hayajakomaa. Kocha wa Taifa Stars, atoke Zanzibar, Mbeya au Buenos Aires, anahitaji msimu wake wote ndipo mavuno yake yapimwe.