Mzozo kuhusu jina la seli za mesenkima

SELI shina za mesenkima, zinazofahamika miongoni mwa wataalamu kwa herufi tatu MSC, hupatikana katika uboho wa mifupa, mafuta ya mwili, kitovu cha mtoto mchanga na sehemu nyinginezo. Ni seli chache zilizotajwa mno katika matibabu ya kisasa kama hizi. Hata hivyo, jina lake limezua ubishi wa miongo kadhaa, na ubishi huo si wa wasomi pekee, maadamu wagonjwa hulipa fedha nyingi kwa kuliamini jina hilo.

Aliyezivumbua, Alexander Friedenstein wa Moscow, hakuziita hivyo. Katika miaka ya 1960 na 1970, mwanasayansi huyo alitia uboho wa wanyama wa maabara katika vyombo vya kukuzia seli. Seli za damu zilielea na kuondolewa, lakini nyingine chache zikang'ang'ania sakafu ya chombo, zikazaana na kuunda makundi, aghalabu kila kundi likitokana na seli moja. Zilipopandikizwa ndani ya mnyama, baadhi zilijenga mfupa. Mwaka wa 1988, yeye na Maureen Owen wa Oxford waliziita seli shina za stroma. Stroma ni neno la Kigiriki lenye maana ya tandiko au godoro, nalo linafaa kwa vile seli hizo ndizo tandiko ambalo seli za damu huzaliwa juu yake.

Jina lililoshika ni la Arnold Caplan wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, Marekani, alilolitangaza mwaka wa 1991. Mesenkima ni tishu laini ya kiinitete ambayo kwayo hutokea mifupa, gegedu, kano na mafuta. Caplan alishikilia kwamba mtu mzima angali na akiba ya seli zenye uwezo huo wote. Mwaka wa 1999, Mark Pittenger na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba seli za uboho wa watu wazima zaweza, zikiwa maabara, kugeuzwa kuwa za mfupa, gegedu au mafuta.

Tatizo ni kwamba chombo cha maabara si mwili. Seli zilizozamishwa katika kemikali kali hufanya mambo ambayo huenda zisingeyafanya zilikotoka. Zile za uboho hujenga mfupa zikipandikizwa. Za misuli au za kitovu hazijengi vivyo hivyo, ingawa zote hufanana chini ya darubini. Isitoshe, mifupa mingi ya uso hutokana na tabaka la kiinitete tofauti na lile linalozaa mifupa ya miguu, hivyo ni vigumu kudai kuwa kuna seli moja mama ya tishu hizo zote.

Chama cha Kimataifa cha Tiba kwa Seli kilijaribu kusuluhisha. Mwaka wa 2005 kilipendekeza ziitwe seli za stroma za mesenkima, na neno "shina" liachiwe zile tu zilizothibitishwa kuwa shina. Mwaka uliofuata kiliweka masharti ya kuzitambua: zishikamane na plastiki, ziwe na protini CD73, CD90 na CD105 juu ya ngozi yake, na ziweze kugeuka mfupa, gegedu na mafuta. Herufi MSC zilibakia, na kwa hiyo mkanganyiko nao ukabakia.

Kazi yake halisi ni ipi, basi? Katika uboho, seli hizi huizunguka mishipa ya damu na kutoa protini, mathalani CXCL12, ambayo huzizuia seli shina za damu zisitawanyike. Baadhi hujenga mfupa na mafuta ya uboho. Zaidi ya hayo, hutuliza kinga ya mwili. Mwaka wa 2004, Katarina Le Blanc na wenzake nchini Uswidi waliripoti kumtibu mvulana wa miaka 9 ambaye seli za kinga alizopandikizwa zilikuwa zikiushambulia mwili wake. Walitumia seli za mamake, naye akapata nafuu.

Lakini seli zinazodungwa mshipani nyingi hunaswa mapafuni na kutoweka baada ya muda mfupi. Manufaa yake, yanapoonekana, hutokana na ishara zinazotoa wala si kwa kugeuka tishu mpya. Caplan mwenyewe alikiri hilo na, mwaka wa 2017, akataka jina alilolibuni libadilishwe.

Biashara haikungoja. Mwaka wa 2015, wanawake watatu wazee huko Florida walidungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta yao wenyewe, wakiambiwa ni seli shina, na kila mmoja akatozwa dola 5,000. Wote waliharibikiwa vibaya na uwezo wa kuona.

Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba yake ya kwanza ya seli hizi Desemba 2024, kwa watoto wenye ugonjwa kama wa yule mvulana ambao dawa za steroidi zimeshindwa kuutibu. Katika tangazo lake, mamlaka hiyo iliziita seli za stroma.