Možemo!

Možemo! (maana yake "Tunaweza!") ni chama cha siasa cha Kroatia chenye itikadi ya kijani na mrengo wa kushoto, kilichoanzishwa Februari 2019. Chimbuko lake ni harakati za wakazi wa Zagreb, hasa Pravo na grad ("Haki ya Jiji"), waliopinga ardhi na maeneo ya umma kukabidhiwa wawekezaji. Pambano kubwa lilihusu mtaa wa Varšavska, ambako sehemu ya waenda kwa miguu ilimegwa ili kujenga njia ya kuingilia maegesho ya chini ya ardhi ya jengo la biashara. Mwaka 2010 polisi waliwakamata waandamanaji zaidi ya 100, na ujenzi ukaendelea. Kushindwa huko kulichangia kuwasukuma wanaharakati kwenye sanduku la kura: kwanza kwa orodha ya Zagreb je naš ("Zagreb ni Yetu") mwaka 2017, kisha kwa chama cha kitaifa. Mwaka 2020 muungano wao ulipata viti 7 bungeni. Mei 2021 Tomislav Tomašević, mmoja wa viongozi wa harakati hizo, alichaguliwa kuwa meya wa Zagreb. Alichaguliwa tena mwaka 2025.