Maji kabla ya komunyo



Wengi wetu tulizaliwa katika nyumba za Wakatoliki, tukasikia wazee wakisimulia: zamani, aliyekunywa hata maji asubuhi hakukaribia komunyo. Ilikuwa kweli. Sheria ilimkataza mtu kula na kunywa tangu saa sita ya usiku mpaka apokee. Mama wa kijiji cha mbali alitembea na njaa mpaka misioni.

Mwaka wa 1953 Papa Pio XII akaruhusu maji. Alitazama watu wanaotoka mbali, na wafanyakazi wa viwanda wanaotumika usiku. Mwaka wa 1957 akaweka masaa matatu kwa chakula. Tarehe 21 novemba 1964 Papa Paulo VI akabakiza saa moja tu. Ni miaka 11, na mzee aliyeogopa tone la maji akamwona mjukuu wake akinywa chai kabla ya misa.

Sisi wahubiri tunapenda kusema hapo: «Mnaona, kanisa linalogeuka-geuka!» Tuwe waangalifu. Wakatoliki wanatenganisha sheria ya nidhamu na fundisho la imani. Kufunga kulikuwa nidhamu. Yale wanayoamini juu ya mkate ule hayakuguswa, na ni hayo tunayobishana nayo, si masaa.

Kuna jambo zito zaidi, nalo linatuhusu. Mwaka wa 1864 Papa Pio IX aliandika orodha ya makosa ya nyakati zake. Kati yake, wazo la kwamba kila mtu yuko huru kufuata dini anayoona ni ya kweli. Tarehe 7 desemba 1965 Mtaguso wa Vatikano ukatangaza kwamba mtu ana haki ya uhuru wa dini. Wakatoliki wenyewe wanabishana mpaka leo: je, fundisho limegeuka, ao limekomaa? Kwetu sisi, hapa kuna mgeuko, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini tufungue pia Matendo 15. Mitume waliwaandikia watu wa mataifa wajiepushe na damu na nyama iliyonyongwa. Kisha Paulo, katika 1 Wakorinto 10, akawaambia wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Katika makusanyiko yetu, ni nani anayemwuliza mama wa soko kuku wake alikufa namna gani?