Jumuiya Ndogo, Madrasa na Msamaha wa Kodi: Maelezo kwa Ndugu wa Ujiji na Wanaowasaidia



Familia nyingi za visiwani zina ndugu Ujiji, tangu zama za misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia ziwani. Mpaka leo sadaka huenda huko: ya kisima, ya mayatima, ya paa la madrasa. Watoaji na wapokeaji hutuuliza jambo moja: jumuiya ikishasajiliwa, si imeshasamehewa kodi?

Hapana. Usajili ni jambo moja na msamaha ni jingine. Kwa Tanzania Bara, jumuiya ya dini husajiliwa na Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Shirika lisilo la kiserikali hufuata sheria ya mwaka 2002. Wadhamini huandikishwa RITA. Kila ofisi ina taarifa zake inazozidai, lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayotoa msamaha wa kodi ya mapato.

Kodi hiyo ni jambo la Muungano, kwa hiyo wa Ujiji na wa Wete wako chini ya sheria moja, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Kifungu cha 64 kinaitambua taasisi ya hisani kwa kazi zake: kuwaondolea watu umasikini na dhiki, kuendeleza elimu, kutoa huduma za afya, maji au barabara. Na iwe na uamuzi wa maandishi wa Kamishna wa TRA. Bila ya karatasi hiyo, nia njema haihesabiki. Maombi huandikwa kwa Kamishna, yakiambatana na cheti, katiba na namba ya mlipakodi. Katiba izitaje kazi hizo wazi wazi. Nyingi tulizozisoma husema "kuendeleza Uislamu" zikaishia hapo, ilhali jumuiya inasomesha watoto mia.

Hata ukiupata uamuzi, bado unapeleka hesabu. Sheria huzihesabu zawadi na michango kuwa ni mapato, kisha hutoa kilichotumika kwa kazi zenyewe, na huachia pia asilimia 25 ya pato. Mnaojiwekea akiba ya kujenga, mwandikieni Kamishna kabla. Kwa mwaka wa hesabu wa Januari hadi Disemba, makadirio hupelekwa kabla ya Machi kwisha na ritani ya mwisho kabla ya Juni ya mwaka unaofuata kwisha. Jumuiya ikipanga chumba, hukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Hili husahauliwa sana.

Biashara ina mambo yake. Kikundi cha akina mama kinachoanika na kuuza dagaa ili kuiendesha madrasa kisidhani kuwa msamaha wa madrasa unafika mpaka kwenye dagaa. Kiwe na daftari lake mbali, na biashara hiyo itajwe katika maombi. Makadirio nayo hurekebishwa hali ikibadilika: uvuvi Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, aliyekadiria kwa mwaka mzima wa samaki alikuwa na haki ya kupunguza.

Sasa upande wa fiqhi, maana hapa ndipo penye mzigo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msimamizi wa wakfu ni mwaminifu. Halipi kilichopotea mikononi mwake ila akivuka mipaka au akizembea. Faini ya kuchelewesha ritani haikuletwa na mvua wala moto. Ikiwa kamati iliijua tarehe ikaipuuza, tunaona faini hiyo isitolewe katika fungu la mayatima. Waliozembea wajilipie wenyewe. Ama aliyekuwa hajui na akauliza alipopata shaka, huyo hatumwiti mzembe. Aya ya deni katika Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, inahusu kuandika. Sisi twaisomesha kila mwaka, na daftari za misikiti yetu hazina tarehe.

Nawe mwenye duka Darajani unayewatumia, sheria inakuruhusu kukitoa unachochangia taasisi ya hisani katika hesabu yako ya kodi, kisizidi asilimia 2 ya pato la biashara. Omba stakabadhi na nakala ya uamuzi wa Kamishna. Kamati isione vibaya kuombwa. Na kwa kuwa Sheria ya Fedha hubadilisha viwango kila Julai, pitieni ofisi ya TRA Kigoma kabla ya kujaza chochote.

Wallahu aalam.