Shafti au cheni: miaka mia ya kubishana na kilo

Cheni ya pikipiki hufa polepole, tena mbele ya macho yako. Inalegea, unaikaza. Inalegea tena, na safari hii unaona meno ya sproketi yamechongoka yakalala upande mmoja kama mapezi ya papa. Fundi akiitazama tu anajua imekwisha. Shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu gurudumu la nyuma badala ya cheni, haina tabia hiyo. Inaweza kukubeba makumi ya maelfu ya kilomita bila kudai chochote zaidi ya oili mpya, kisha siku moja difu, yaani gia za gurudumu la nyuma, ikatafuna beringi yake huku mji wenye vipuri ukiwa nchi mbili mbele. Wanaotengeneza pikipiki za safari ndefu wamehangaika na tofauti hiyo kwa zaidi ya karne, na bei ya kila hatua waliyopiga imehesabiwa kwa kilo.

Cheni ya roli tunayoijua leo ilibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, Uingereza. Ni nyepesi, ni rahisi kutengeneza, na ikiwa safi hupoteza nguvu kidogo mno. Adui wake ni mchanga. Ukichanganyika na grisi unageuka msasa, na pini na bushi zinasagana kila gurudumu linapozunguka. Barabara za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa vumbi tupu, kwa hiyo haishangazi kwamba kampuni ya FN ya Herstal, Ubelgiji, ilitoa mwaka 1905 pikipiki ya silinda nne inayoendeshwa kwa shafti.

Lakini aliyeipa shafti makao ya kudumu ni Max Friz. Alikuwa mhandisi wa injini za ndege, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mkataba wa Versailles uliizuia Ujerumani kutengeneza ndege. BMW ikageukia pikipiki. Friz alilaza silinda mbili, moja kushoto na nyingine kulia, akauelekeza mhimili wa injini kutoka mbele kwenda nyuma. Hapo ndipo uhodari wake ulipo. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita giaboksi na shafti ikiwa imenyooka moja kwa moja, na inakata kona mara moja tu, kwenye gurudumu la nyuma. Kila kona ya gia hula nguvu na hutaka gamba lake la chuma lililojaa oili. Friz alizipunguza hadi moja. Pikipiki hiyo, R 32, ilionyeshwa Berlin mwaka 1923. Ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 494, nguvu ya farasi 8.5 na uzito wa kilo 122.

Wanajeshi walielewa upesi faida yake. Katika Vita Kuu ya Pili, jangwani Afrika Kaskazini, Wajerumani walipita mchangani kwa pikipiki za shafti, na jeshi la Marekani likaziagiza Harley-Davidson na Indian zitengeneze za kwao. Kila kampuni ilitoa kama 1,000, kisha gari aina ya Jeep likazifanya zisihitajike tena.

R 32 haikuwa na springi nyuma, kwa hiyo shafti yake haikulazimika kujikunja. Gurudumu la nyuma lilipoanza kupanda na kushuka, shafti ikahitaji kiungo cha krosi, na tatizo jipya likazaliwa. Ukitia moto, gia ndogo ya difu inajaribu kuikwea ile kubwa, na sehemu ya nyuma ya pikipiki inainuka. Ukiachia moto katikati ya kona, inazama. Wajerumani wenyewe waliziita BMW za namna hiyo ng'ombe wa mpira. Tena difu imekaa palepale kwenye gurudumu, chini ya shokapu. Uzito huo haubebwi na springi; unapigwa na kila shimo, na gurudumu zito huchelewa kurudi chini kushika barabara. Kilo moja hapo ina madhara zaidi kuliko kilo moja kwenye tangi.

Mwaka 1980 BMW R 80 G/S ilikuja na mkono mmoja wa nyuma badala ya miwili, na mwaka uliofuata Hubert Auriol alishinda mbio za Paris–Dakar akiwa na BMW ya shafti. Mwishoni mwa miaka ya 1980, R 100 GS ikaletewa dawa ya kuinuka: kiungo cha pili cha krosi karibu na difu, pamoja na fimbo ya kuzuia msukumo. Pikipiki ikatulia. Ila shafti ya zamani ilikuwa na kiungo kimoja kilichoogelea katika oili, na hii mpya ilikuwa na viwili vikavu, vilivyopinda zaidi, visivyokusudiwa kufunguliwa. Wasafiri wengi waliokuwa wamezoea kuisahau shafti walijikuta wakibeba ya akiba.

Jaribio kubwa zaidi la kupunguza mwili lilikuja mwaka 2004. R 1200 GS ilikuwa nyepesi kwa takriban kilo 30 kuliko R 1150 GS iliyotangulia, na ukiiendesha kwenye changarawe utaishukuru kila gramu iliyopungua. Difu yake ilitobolewa tundu kubwa katikati, na oili yake ilitangazwa kuwa ya maisha yote. Haikuwa. Beringi kubwa za difu zilianza kufa kwa baadhi ya wenye pikipiki hizo, na baadaye ratiba ya kubadilisha oili ikarudi. Mwaka 2015 BMW iliziita pikipiki nyingi za kizazi hicho zirudi, kwa sababu kitako cha alumini kinachofungiwa gurudumu la nyuma kingeweza kupasuka kama boliti zilikazwa kupita kiasi. Waliweka cha chuma. Gramu zilizookolewa pale hazikustahili hofu iliyoletwa kwa mtu anayekwenda kasi akiwa na mke na mizigo nyuma.

Wakati huohuo cheni haikulala. Tangu miaka ya 1970 watengenezaji walianza kufungia grisi ndani ya kila pini kwa vipete vya mpira, mchanga ukabaki nje, na maisha ya cheni yakarefuka mno. BMW yenyewe ilikubali mwaka 1993 kwa kutoa F 650, pikipiki yake ya kwanza ya cheni. Richard Sainct akashinda nayo Dakar mwaka 1999 na 2000, kwenye mchanga uleule uliowahi kuwa hoja ya shafti.

Kwa anayevuka Ulaya kwa lami, mvua na kilomita 800 kwa siku, bado ningemshauri achukue shafti na abebe kilo zake bila kinyongo. Kwa anayeteremka kutoka Cairo hadi Cape Town ningesema cheni, na sababu yangu ni mafundi wa bodaboda. Kuanzia Moyale hadi Tunduma hakuna mji usio na kijana mwenye nyundo, kitoa pini na mkono uliozoea kukata cheni na kuiunga. Anaweza asiwe na cheni ya saizi yako, ila ukiwa nayo kwenye begi atakufungia chini ya mwembe, na saa sita mchana utakuwa barabarani.