Fukusi wa Milimita Mbili na Swali la Jina

Mkulima wetu ana neno moja tu, fukusi, na humtambulisha mdudu kwa kile anachokitafuna: fukusi wa mahindi, fukusi wa migomba, fukusi wa viazi vitamu. Mpangilio huu si wa kubezwa, kwani ghalani unatosha kabisa. Kasoro yake ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba kila mmea una fukusi wake mmoja. Kisa cha gugumaji liitwalo salvinia kinaonyesha dhana hiyo ilivyogharimu, na walioponzwa nayo hawakuwa wakulima. Walikuwa wanasayansi.

Salvinia ni kangaga linaloelea, asili yake Amerika Kusini. Bwawa la Kariba lilipozibwa mwishoni mwa mwaka 1958, gugu hilo lilitanda upesi, na kufikia 1962 lilikuwa limefunika takriban sehemu moja ya tano ya ziwa. Liliitwa Salvinia auriculata. Mwaka 1972 D. S. Mitchell alionyesha kuwa ni spishi nyingine, akaipa jina Salvinia molesta. Lakini waliotafuta adui wa gugu hilo walikuwa wameshakwenda Trinidad, kwenye S. auriculata halisi, na kurudi na fukusi Cyrtobagous singularis. Aliachiwa kusini mwa Afrika, na baadaye Fiji. Fukusi akaishi, gugu nalo likaishi.

Mwaka 1978 watafiti wa shirika la CSIRO la Australia walilikuta S. molesta nyumbani kwake, kusini-mashariki mwa Brazili. Juu yake alikuwepo fukusi wa milimita mbili hivi, na kwa kuwa alifanana mno na yule wa Trinidad, alihesabiwa kuwa ni C. singularis vilevile. Mwezi Juni 1980 aliachiwa katika Ziwa Moondarra, Queensland. Mwaka mmoja na ushei baadaye, tani zipatazo 18,000 za salvinia zilikuwa zimeangamia. Mwaka 1985 Calder na Sands walichapisha maelezo yake kama spishi mpya: Cyrtobagous salviniae.

Hapa ndipo mpinzani wangu anaposimama. Fukusi alilisafisha ziwa akiwa hana jina lake mwenyewe, asema. Jina lilikuja miaka mitano baadaye, kazi ikiwa imekwisha. Basi maelezo ya spishi yana faida gani zaidi ya kujaza makabati ya makumbusho?

Pingamizi hili lina uzito, na sitalijibu kwa kusifia elimu kwa ajili ya elimu. Najibu hivi: mdudu hakuwa na jina, lakini mmea ulikuwa nalo. Bila Mitchell kuitenga S. molesta, hakuna ambaye angekuwa na sababu ya kuisaka Brazili wakati salvinia nyingine ilikuwa Trinidad. Bahati ya Moondarra ililelewa na maelezo ya spishi. Ila yalikuwa ya kangaga.

Zaidi ya hayo, tutazame maelezo ya fukusi yanafanywaje. Kielelezo kimoja huteuliwa kuwa shahidi wa jina, nacho huhifadhiwa ili yeyote mwenye shaka akakikague. Mwandishi hupima mdomo uliochongoka, huhesabu pingili za vipapasio, huangalia vidoto na magamba ya mabawa magumu. Kisha hupasua tumbo la dume, hukitoa kiungo cha uzazi na kukisafisha kwa potashi, maana mara nyingi spishi mbili zinazolingana kwa nje huachana hapo. Kila sentensi ni dai linaloweza kupingwa. Ndiyo maana nayaita hoja, wala si orodha ya sifa.

Fukusi wawili hawa walipotenganishwa, tofauti ya ulaji wao nayo ilipata pa kushikia. C. salviniae mzima hula machipukizi, na buu wake hutoboa shina kwa ndani, ilhali C. singularis huelekea zaidi kwenye majani, na mmea huchipua upya. Tena, kushindwa kukawa kwa aina mbili. Fukusi wa Brazili alipopelekwa mto Sepik, Papua New Guinea, alisuasua mwanzoni. Kasoro haikuwa kwake: gugu lilikuwa na naitrojeni haba, na tiba ikawa kulinyunyizia urea ili mdudu ashibe na kuzaana. Kwa jina moja la C. singularis, Fiji na Sepik zingesomeka kama kisa kimoja.

Ninachowalaumu wenzetu wa taksonomia ni kitu kimoja. Kanuni za kimataifa hazimlazimishi mwandishi kutaja mmea alikookotwa mdudu, na wengi huridhika na hilo. Mwenzao Warner hakuridhika. Alipoieleza spishi Neochetina eichhorniae mwaka 1970, aliutaja mmea wake, gugumaji la zambarau, akaongeza taarifa za maisha yake na ya jamaa yake N. bruchi. Katika miaka ya 1990 wote wawili waliachiwa Ziwa Victoria. Wanaishi kwenye mmea mmoja na wote wanautafuna. Mmea peke yake basi hauwatenganishi; anayetaka kuwatofautisha hugeuza mgongo wa mdudu kwenye mwanga: N. bruchi kwa kawaida ana utepe mweupe-mweupe wenye umbo la V, mwenzake hana.